Cun Kumi na Mbili za Faustin

Vijana wangu, wekeni simu chini kwanza. Inua mkono wako wa kulia, ulitazame dole gumba. Usione haya, hakuna anayekuangalia. Litazame pale kwenye kiungo, palipo pana kuliko kwingine. Upana huo, si urefu, nasema upana, waganga wa Kichina wanauita cun. Neno hilo linasomwa "tsun", ulimi unagusa nyuma ya meno halafu unapuliza. Mimi lilinisumbua ulimi muda mrefu, kwa hiyo msinicheke kabla hamjajaribu.

Haya. Pima mkono wa kushoto kwa ndani, kuanzia mkunjo wa kiwiko mpaka mkunjo wa kifundo, pale saa inapofungwa. Laza dole gumba kama fundi anayepanga matofali, moja likimgusa mwenzake. Ukilaza vizuri utapata cun kumi na mbili, au karibu sana. Sasa mwite huyo jirani yako mrefu, umpime kwa dole gumba lako wewe. Hesabu itakataa. Mwambie ajipime kwa lake, itakubali. Mtoto, mtu mzima, mnene, mwembamba, wote wana kumi na mbili zao. Nimeifanya kazi hiyo mpaka nikazeeka nayo, na leo ninasema kwa sababu nimewaona mnavyokanda watu huku macho yenu yakiwa kwenye picha ya simu. Ule mwili wa kwenye simu ni wa nani? Anaitwa nani? Anaumwa wapi? Hauna mwenyewe, na ninyi mnaufuata.

Mnaonijua hapa Albert Park, Durban, mnaniita Papa Metre, na wadogo mnadhani ni jina nililobatizwa. Nilikuwa fundi cherehani Uvira, kule Kongo. Nilipofika Durban nilikuwa na mkasi, chaki, na metre ya kupimia, ile ambayo Watanzania wanaiita futi, na nilikuwa naivaa shingoni hata siku ambayo hapakuwa na nguo ya kushona. Mtu akikuona na metre shingoni anajua wewe si mzururaji. Hivyo ndivyo alivyoniona Mama Lin.

Mama Lin alikuwa daktari wa Kichina mwenye kliniki mjini, vyumba vitatu juu ya duka la vyombo. Mwanamke mdogo wa umbo, sauti ndogo, lakini akisema jambo hulirudii kumuuliza. Aliniita nimshonee mashuka ya vitanda vya wagonjwa. Vitanda vile vina tundu upande wa kichwa, mgonjwa akilala kifudifudi anaweka uso humo apate kupumua, kwa hiyo na shuka lazima liwe na tundu. Mimi nikachukua kipimo cha tundu kwenye uso uliokuwa karibu, yaani wangu. Mnauona uso wangu ulivyo. Mashuka yakatoka mazuri, pindo safi, na mgonjwa wa kwanza, bibi mmoja mwembamba kutoka Chatsworth, akazama mle mpaka masikio. Alipoinuliwa aliniuliza kwa Kiingereza kama nilikuwa nimemshonea yeye au farasi.

Mama Lin hakukasirika. Alicheka hadi akakaa. Akaniambia nishone upya, na nilipomaliza akaniuliza kama nasema Kifaransa na Kiswahili, kwa sababu Wakongo walikuwa wanakuja wengi na yeye haelewi wanaumwa nini. Ndivyo nilivyoingia. Nikawa mkalimani, halafu msaidizi, halafu akanifundisha kukanda na kubonyeza. Sindano sikushika hata siku moja. Sindano ni za mwenye leseni, na leseni iliyokuwa ukutani haikuwa na jina langu. Nanyi msizishike. Nikisikia mmoja wenu amemchoma mtu sindano kwa kuwa aliona video, nitakuja mwenyewe kwa miguu yangu hii mibovu.

Sasa hili neno. Nilipolisikia mara ya kwanza, Mama Lin alikuwa ananionyesha sehemu ya kubonyeza kwa mtu anayesikia kichefuchefu. Aliniambia ni cun mbili juu ya mkunjo wa kifundo, katikati ya zile kano mbili zinazojitokeza ukikunja ngumi. Mimi fundi, nikasikia kipimo, nikafurahi. Nikamuuliza cun moja ni sentimita ngapi. Akajibu, "Ya nani?"

Nikadhani Kiingereza chake kimemchanganya. Nikauliza tena, akajibu vile vile, "Ya nani?" Basi mimi kwa ujanja wangu nikangoja ameinama anaandika, nikapima dole gumba lake kwa jicho, nikaenda nyumbani nikatia uzi mwekundu kwenye metre yangu kila baada ya cun. Kesho yake nimekuja na metre ya Kichina, najiona profesa. Siku hiyo alikuja mlinzi mmoja Mzulu, mtu wa kujaza mlango. Nikapima kwa uzi wangu mwekundu, nikabonyeza, nikamuuliza kama anasikia kitu. Akasema, "Eish, baba, nasikia unanibonyeza." Hakusikia kingine.

Mama Lin aliitazama metre, akauona ule uzi. Aliniondolea metre shingoni taratibu, akaikunja, akaiweka kwenye droo. Halafu akachukua karatasi akachora alama moja ya Kichina, mistari michache tu. Akaniambia hii ndiyo cun. Zamani ilikuwa picha ya mkono, na hiki kidoa kidogo kinaonyesha mahali karibu na kifundo ambapo mganga anaweka kidole kusikiliza mapigo ya mshipa. Neno lenyewe ni mkono wa mtu, aliniambia, sasa wewe unataka kulifanya rula.

Niliona aibu, nawaambia, kwa sababu hicho kitu nilikuwa nakijua. Mteja akija kushona suruali humpimi kwa mguu wako. Nilikijua kwenye kitambaa, nikashindwa kukijua kwenye ngozi. Tangu siku ile, kila mgonjwa aliyeingia nilikuwa nautazama mkono wake kabla ya uso.

Mengine niliyojifunza pale ni ya kawaida lakini hamyafanyi, kwa hiyo nitayasema. Kata kucha. Osha mikono kwa maji ya moto, si kwa usafi tu, mkono wa baridi unamfanya mtu ajikaze na ukishamkazisha umepoteza nusu ya kazi. Mwanamke mwenye mimba usimbonyeze mguuni juu ya kifundo, muulize kwanza kama ana mimba, na muulize kwa heshima, mama wa Kikongo hapendi kuulizwa mbele ya watu. Mgonjwa akikuambia ameacha dawa za hospitali kwa sababu yako, usijisikie fahari, mrudishe akazinywe. Na usiongee sana. Hili la mwisho mimi mwenyewe lilinishinda.

Nije kwa Faustin, maana yeye ndiye aliyenifanya nilielewe neno lile mpaka mwisho.

Faustin alikuwa kijana wetu wa kutoka Fizi, mpakiaji mizigo kwa mfanyabiashara mmoja kule Isipingo. Siku moja mlango wa nyuma wa lori ulimwangukia mkono wa kulia. Hospitali walijitahidi, mwisho wakaukata katikati, kati ya kiwiko na kifundo. Kidonda kikapona vizuri. Ila ule mkono uliokatwa ukaendelea kuuma. Mnanielewa? Si kigutu. Mkono wenyewe, ambao haupo. Alikuwa anasikia vidole vimejikunja ngumi na dole gumba linachimba kiganja, na hakuna namna ya kuikunjua ngumi ambayo haipo.

Mchungaji alimwombea. Watu wengine wakasema amerogwa na waliobaki nyumbani. Yeye akafikia uamuzi wake, kwamba mkono ukatwe tena, juu ya kiwiko, maumivu yaondoke nao. Daktari wa hospitali alimweleza polepole kwamba kukata hakuna uhakika, kwa sababu maumivu yako kwenye mishipa ya fahamu na ubongo ambao bado unaukumbuka mkono. Lakini mtu asiyelala anasikia anachotaka. Alikuwa amepewa siku ya kurudi kutoa jibu, na jibu lake alishakuwa nalo.

Mke wake, Mama Zawadi, mwanamke anayesuka nywele hapo karibu na bustani, ndiye aliyemleta kwetu akimshika shati. Akaniambia mlangoni, kwa sauti ya chini, "Papa Metre, mwambie huyu asikate kiwiko. Kwa kiwiko iko anabeba mfuko, iko anashika sahani, anafunga mlango. Wakiikata, atabakia na nini? Na mimi niko na mimba, hajui bado."

Hapo nikajua tunachogombania. Ni kiwiko. Ukitaka kujua kiwiko ni kitu gani, shinda siku nzima umekifunga kwenye mbavu zako, ujaribu kuishi.

Faustin alikaa kitandani, hataki kututazama. Nikatafsiri maswali. Mama Lin alimwomba aonyeshe panapouma. Akainua mkono wa kushoto, akaonyesha hewani, mbele ya kigutu, mahali pasipo na kitu. "Hapa, Papa. Najua mutacheka. Ngumi imefungwa hapa."

Hatukucheka. Mama Lin akavuta kiti, akasema atampima. Na hapo kazi ikakwama, nami nikaona inavyokwama. Kwa desturi tunamwambia mgonjwa ajipime kwa dole gumba la mkono mwingine. Faustin alikuwa na dole gumba moja tu duniani, la kushoto, na mkono uliotakiwa kuchomwa sindano ulikuwa huo huo wa kushoto. Maana mkono usiokuwepo hauchomwi, unatibiwa kupitia mwenzake aliyebaki. Dole gumba haliwezi kuupanda mkono wake lenyewe. La Mama Lin lilikuwa dogo mno. Langu ndilo hili, mnaliona, kama kijiko cha ugali.

Mama Lin akanigeukia akasema, "Metre." Baada ya miaka yote ile metre yangu ikiwa kwenye droo. Nikaelewa kwamba hataki metre, anataka fundi. Mfukoni nilikuwa na utepe wa pamba, ule mweupe wa kushonea pindo. Nikaushika mkono wa Faustin, nikalaza utepe juu ya kiungo cha dole gumba lake, nikatia alama kwa chaki ya bluu, nikasogeza, nikatia alama tena, mpaka kumi na mbili. Nikakata.

Tukauweka kwenye mkono wake wa kushoto, kutoka mkunjo wa kiwiko. Ukaishia kwenye mkunjo wa kifundo, umekaa kama pindo lililopigwa pasi. Mama Lin akanipa ishara niupeleke upande wa pili. Nikaushikiza mwanzo wake kwenye kiwiko cha kulia, nikaunyoosha juu ya kigutu. Kigutu kikaisha, utepe ukaendelea. Ukapita hewani, na mimi nimeshika ncha yake kwa vidole viwili.

Mama Lin akauliza, nami nikatafsiri, "Kifundo chako kiko hapa?"

Faustin akatazama vidole vyangu. "Hapo hapo," akasema. Halafu akaanza kulia, kilio cha mwanaume aliyejizuia muda mrefu, na Mama Zawadi akalia, na mimi nikasimama pale nimeshika utepe, siwezi hata kujifuta macho maana nikiuachia tutapoteza mahali. Tangu ajali ile hakuna mtu aliyekuwa amekubali kwamba mkono wake upo mahali fulani. Sasa kipimo cha mwili wake mwenyewe kilikuwa kimeufikia.

Mama Lin alimchoma sindano mkono wa kushoto, akamwambia afumbe macho, avikunjue vidole vya kushoto taratibu, na vya kulia vifuate. Faustin alipofumbua macho alisema ngumi imelegea kidogo. Kidogo tu. Mimi siwapi hadithi za miujiza.

Tukamfundisha Mama Zawadi kumbonyeza nyumbani, asubuhi na jioni, cun mbili kutoka kifundo, katikati ya kano, kwa utepe ule. Faustin mwenyewe asingeweza, mkono wa kubonyeza ndio aliopoteza. Wakaondoka. Wakarudi baadaye, Faustin amenuna, siku ya hospitali imekaribia. Kliniki anapata nafuu, akasema, nyumbani hapana hata kidogo. Kwa hiyo wakate tu.

Nikamwambia Mama Zawadi anionyeshe anavyofanya. Akalaza madole gumba yake mawili pale kifundoni, mwembamba wa vidole kama wasusi wote, akabonyeza. Ilikuwa chini mno, karibu kwenye mkunjo. Nikamuuliza, "Mama, utepe uko wapi?"

Akaniangalia kana kwamba nimeuliza swali la kijinga. "Uko kwenye valise, Papa, chini ya vitenge. Niliufunga na plastiki usichafuke."

Hao ndio watu wetu, sitawasema wao peke yao. Tukipewa kitu cha maana tunakitunza mpaka hakifanyi kazi. Mama yangu alikuwa na sahani za wageni ambazo hakuna mgeni aliyewahi kuzilia. Nilimfokea Mama Zawadi kidogo, nakiri, nilimwambia kama anataka kutunza utepe atunze na kiwiko cha mume wake, aviweke vyote kwenye sanduku lile. Faustin akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza nimemsikia akicheka. Mama Zawadi naye akakasirika, halafu akaenda nyumbani akautoa.

Tangu hapo utepe ulikaa umefungwa kwenye mpini wa kabati la jikoni, ukawa na alama za mafuta na unga, na kila asubuhi na jioni ulikuwa kwenye mkono wa Faustin. Mniulize kama ni cun iliyosaidia, au ni dawa za hospitali alizoendelea kumeza, au ni mke kumshika mume mkono mara mbili kwa siku na kumwambia afungue ngumi. Mimi najua nilichokiona. Alianza kulala.

Siku ya kutoa jibu aliniomba nimsindikize. Tulisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, tukingoja kuvuka kwenda hospitali, na taa ilipogeuka kijani hakusogea. Akaniuliza, "Papa Metre, maumivu ikirudi?"

Nikamwambia yakirudi atamwambia daktari, na daktari yupo, na kisu hakiendi popote. Lakini kiwiko kikienda hakirudi. Taa ikageuka nyekundu, ikageuka kijani tena, madereva wa taxi wanatupigia honi wakidhani ni abiria. Mama Zawadi alikuwa upande wake mwingine. Akamwambia pale pale barabarani habari ya mimba aliyokuwa ameificha. Mwanamke yule anajua kuchagua wakati. Faustin akamtazama, akakitazama kiwiko chake, tukavuka. Kwa daktari alisema maneno machache, kwamba anashukuru na kwamba waache hivyo kwanza. Daktari akafurahi kuliko sisi.

Mama Lin amesharudi kwao, na mimi mgongo umenikataza kuinama juu ya vitanda. Metre yangu alinirudishia siku ya kuagana, na ule uzi mwekundu bado umo. Siutoi. Unanikumbusha nilivyokuwa mjanja.

Juzi Faustin alikuja kunitembelea, na mtoto. Msichana, mnene, usingizi umemshika. Ngumi ile bado inajikunja siku za baridi, akaniambia, lakini siku hizi anajua kuifungua. Alikaa kwenye kiti changu bila kuniomba msaada, mtoto amemlaza kwenye mkunjo wa kiwiko cha kulia, kichwa kimetulia pale kama pametengenezwa kwa ajili yake, na kwa mkono wa kushoto anakunywa chai yangu.

Mimi fundi, sikujizuia. Nikachukua kipande cha utepe, nikamshika mtoto dole gumba, kadogo, nikatia alama kwa ncha ya chaki, moja baada ya nyingine. Nikanyoosha kutoka kiwiko chake hadi kifundo. Nikahesabu.

"Ngapi?" Faustin akauliza.

"Kumi na mbili."

"Sharp," akasema. "Sasa muache, Papa. Utamwamsha."